Mtu wa Dirishani na Mkate Wake wa Jibini

Jumatano, tarehe nne ya mwezi wa kumi na moja. Mvua imeanza kabla ya sirene ya kiwanda ya asubuhi, mvua ya kwanza kubwa ya mwaka huu, na inapiga mabati kwa nguvu hata sikusikia mlango ukigongwa. Aliyegonga ni jirani yangu wa nyumba ya pili, amejifunika kichwa kwa beseni. "Mama," akasema, "ule papa wa mikate wa kule Kikula amekufa. Kifua. Banasema tutamuzika kesho kutwa, Vendredi." Nikamkaribisha ndani, akakataa, akarudi kwake na beseni lake kichwani, matone yakilipiga kama ngoma.

Mistari hiyo niliiandika kwenye daftari langu siku ile ile, kisha nikabaki na kalamu mkononi. Wasomaji wa ukurasa huu mnanijua. Mimi ni mke wa mfanyakazi wa kampuni, shule niliiacha darasa la nne, na kila ninapoandika juu ya mtu najiuliza kama nina haki hiyo. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Siwezi hata kusema alikuwa rafiki, maana rafiki ni mtu unayemtembelea bila sababu, na mimi nilimtembelea kwa sababu ya mikate. Tulifahamiana, basi. Lakini kulikuwa na jambo moja juu yake ambalo mimi peke yangu nililijua hapa Likasi, au ndivyo nilivyodhani, na nililibeba miaka kumi bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Leo ninaliandika. Nitaeleza chini nani amenipa ruhusa.

Wale wa umri wangu hawajasahau duka la Mgiriki lililokuwa karibu na stesheni ya treni. Pale ndipo palipouzwa mkate wa jibini, sisi tukiuita mukate ya fromaji. Ulikuwa mkate mrefu na bapa kama kandambili ya mtu mkubwa, umepakwa siagi na kitunguu saumu, na juu yake jibini iliyoyeyuka ikapata madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Haukuliwa pale. Duka halikuwa na kiti hata kimoja. Ulikatwa vipande ambavyo vilibaki vimeshikana kidogo chini, ukafungwa katika karatasi ya kaki, na ukaondoka nao. Siku ya mshahara foleni ilizunguka kona, na baada ya hapo barabara ilijaa watu wanaotembea haraka haraka kuelekea kambi ya wafanyakazi, kila mmoja na kifurushi chake, mafuta yakitoboa karatasi. Sisi wanawake tuliufunga ndani ya kitenge, tumboni, ili usipoe. Mtu asiyejua angesema mji mzima una mimba.

Yeye alikuwa mtu wa dirishani. Dirisha lilikuwa upande wa duka, na pale alisimama na tabliye nyeupe, ile aproni ya wapishi, kofia nyeupe, na kisu kirefu. Alikata mara tano bila kuhesabu, tak tak tak tak tak, akafunga karatasi, akafunga kamba, akakusukumia huku anapiga kelele: "Moto! Moto! Mama, kimbia nayo, usiongee na muntu ku njia!" Alikuwa na mzaha kwa kila mtu. Mnene aliambiwa chukua miwili, mmoja wa mguu wa kushoto na mmoja wa mguu wa kulia. Mwembamba naye aliambiwa hivyo hivyo. Mji mzima uliamini yeye ndiye fundi wa ile mikate. Alipoulizwa, "Papa, unafanyaka je mpaka inakuwa hivi?" hakusema ndiyo wala hapana. Alicheka, akapangusa mikono kwenye tabliye, akaita wa nyuma. Nataka kuwa wa haki kwake: sikumsikia hata siku moja akisema "ni minye ninapika." Lakini sikumsikia pia akisema "siyo minye," siyo mimi.

Siku moja nilikuwa na mimba ya kweli, si ya kitenge, na jua lilikuwa kali, nikaona giza kwenye foleni. Akanifungulia mlango wa pembeni, nikakalishwa juu ya gunia la unga. Nikiwa pale upepo ukasogeza pazia la chumba cha ndani. Nikamwona mwanamke mzee sana, mama yake mwenye duka, amevaa nguo nyeusi, mikono yake myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko, anainamia tanuru. Akanitazama, akalivuta pazia. Mtu wa dirishani naye akanitazama. Akageuka, akakata, akafunga. Akanipa mkate wangu. Nilikuwa nimejua: hakuwahi kupika hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kukata na kufunga.

Kisha ukaja mwaka ambao maduka ya wageni yalipewa wenyeji. Mgiriki akaondoka na mama yake, na duka likapata mmiliki mpya. Nisimseme vibaya. Hakuwa mwizi, na alisalimia watu vizuri. Alipewa funguo za tanuru, akafikiri funguo ndizo mkate. Unga ukachelewa, jibini ikakosekana, na hata kama vingekuwepo hakuna aliyejua kazi ya nyuma ya pazia. Baada ya miezi michache dirisha likafungwa kwa mbao. Mtu wetu akapoteza kazi, akaanza kuuza makala, makaa ya kupikia. Alitoka asubuhi na baiskeli kwenye barabara ya Kakanda, akarudi na magunia mawili, akapita avenue za kambi, mitaa yetu, anapiga kelele kama zamani: "Moto! Moto! Haiyaanza kuwaka, lakini iko ndani!" Hata makala aliyauza kama mikate.

Katika avenue yetu kulikuwa na kapita mmoja wa kiwanda, msimamizi wa wafanyakazi, mzee wa masharubu, mtu wa kanisa, anayecheka mara moja kwa mwaka, siku ya Noeli. Siku za mshahara hakukosa mikate miwili ya jibini, na duka lilipokufa alihuzunika waziwazi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwake. Mzee huyu alikuwa na binti. Magunia ya makala yakaanza kushushwa mbele ya nyumba ya kapita mara nyingi kuliko mapishi ya nyumba ile yalivyohitaji. Hatimaye mtu wa makala akaja rasmi na mjomba wake kuomba mke.

Nilikuwepo kwa sababu niliitwa kusaidia kupeleka maji na viti. Kapita alisikiliza salamu zote, kisha akauliza: "Weye ndiye ulikuwa unafanya ile mikate ya fromaji ku duka?"

Yule mtu akapangusa mikono kwenye suruali, kana kwamba tabliye ilikuwa bado pale. "Papa, nilikuwa kule miaka kumi na moja."

"Bon. Mambo ya mahari tutaongea kisha. Kwanza unifanyie ile mukate. Duka ilikufa, basi utaifanya ku nyumba. Nakupatia mwezi moja. Nikikula nikaona ni ile, utaingia humu kama mutoto yangu. Nikiona haiko ile, makala yako utauzisha ku avenue ingine. Minye sitapatia mutoto yangu muntu wa uongo."

Mjomba wake akacheka, akafikiri ni mzaha wa wakwe. Bwana harusi hakucheka. Na mimi nikaweka sinia chini, nikatoka kuchota maji mengine.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwangu, bila baiskeli. "Mama, weye uliona."

"Niliona nini?"

"Uliona ule mama muzee wa rideau, nyuma ya pazia."

"Niliona."

"Na hukuambia muntu?"

"Nani aliniuliza?"

Akaketi kwenye ngazi. Nilimwambia kwamba njia ya mwongo ni fupi, kama mama yangu alivyokuwa akisema, na kwamba aende kwa mzee akaeleze. Akasema: "Ya kwangu imekuwa ndefu sana, mama, miaka kumi na moja. Nikirudi nyuma leo nitafika saa ngapi? Na ule binti ataniona namna gani?" Kisha akanyanyua kichwa. "Muko na sufuria kubwa. Na kule ku foyer balikufundisha kupika gato mu muchanga. Unifundishe." Hapa ndipo najilaumu na kujisifu kwa pamoja, sijui ni kipi kizito zaidi. Nilisema ndiyo.

Foyer ni pale kampuni ilipowafundisha wake wa wafanyakazi kushona na kupika. Tanuru hatukuwa nalo, basi tulipika gato, yaani keki, hivi: sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko la makaa, mchanga mkavu chini, bati la gato juu ya mchanga, kifuniko, na makala ya moto juu ya kifuniko. Tukaanza na hilo. Hamira haikupatikana dukani, nikachukua masimbi ya kinywaji cha mahindi, munkoyo wa mama mkwe wangu, yale yanayobaki chini ya mtungi yakichemka chemka yenyewe, nikayakandia kwenye unga. Uliumuka mpaka ukanyanyua kitambaa. Jibini tuliitengeneza kwa maziwa ya unga, tukayachemsha, tukayakamulia ndimu, tukayachuja katika kitambaa safi. Nilijiona profesa. Tukaweka jibini juu ya unga mbichi, tukaingiza kwenye sufuria sirene ya kwanza ilipolia, tukatoa ya pili ilipolia.

Lazima nieleze hili kwa wasiokaa kambini. Sisi hatupiki kwa saa. Tunapika kwa sirene. Ya kwanza inaita zamu, ya pili inabadilisha zamu, katikati yake ni nusu saa. Ya kwanza ikilia unaweka maji ya bukari, ugali wetu, ya pili ikilia mume wako yuko njiani. Mwanamke wa kambi anaweza kupoteza saa ya ukutani asijue mwezi mzima.

Ule mkate wa kwanza juu ulikuwa makala na ndani ulikuwa gundi. Mume wangu alirudi kazini, akaugonga na kijiko, akauliza: "Hii ni mukate ao ni tofali?" Wiki ya pili tukapunguza moto wa juu, jibini ikazama ndani ya unga, hatukuiona tena. Wiki ya tatu tukaongeza moto wa juu, tukapata tofali la pili. Mume wangu akasema tukipata mengine mawili atajenga banda la kuku. Yule mtu alicheka zaidi yetu sote, lakini nilimwona anavyoondoka, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Ikabaki Jumamosi moja. Siku hiyo alikuja na jibini ya kweli, ya Goma, kipande kikubwa kama mkono wangu uliokunjwa, nyekundu nje na ya manjano ndani. Aliipata kwa mtu wa stesheni kwa kubadilishana na viatu vyake vya ngozi vya Jumapili. Alikuwa amevaa sandali za mpira wa gari. "Na kesho kanisani?" nikamuuliza. "Mungu anaangalia roho," akasema, "fromaji ndiyo inaangaliwa na kapita." Kwake kulikuwa na panya, kwangu kulikuwa na watoto, basi jibini ikakabidhiwa kwa binti mwenyewe aifiche kwenye mtungi wa maji baridi, ailete kabla ya sirene ya kwanza. Binti aliambiwa tu kwamba mtungi wao ndio baridi zaidi. Hakuuliza.

Sirene ya kwanza ikalia, na binti hakuonekana. Baadaye tulijua kwamba mgeni mkubwa kutoka Kinshasa alikuwa anapita mjini mchana ule, na wasichana wote wa kikundi cha ngoma walikuwa wamezuiliwa uwanjani wakifanya mazoezi ya kumwimbia. Sisi tulijua tu kwamba unga umeshaumuka na sirene haimngojei mtu. "Tuingize bila fromaji," akasema, "akikuya tutafungua na kuweka." Tukaingiza. Yeye ndiye aliyekanda siku hiyo, alitaka mikono yake mwenyewe, na alikuwa mweupe mpaka kwenye viwiko kama yule mama mzee.

Hata robo saa haikupita, sirene ikalia tena. Yule mtu alikuwa kama sisi sote: sirene ya pili ikilia mkono unakwenda wenyewe. Akafagia makala, akafunua, akatoa bati. Mkate ulikuwa umesimama, lakini rangi yake ilikuwa ya mgonjwa, mweupe, laini, nusu mbichi. Tukatazamana. Haikuwa nusu saa! Kumbe sirene ililizwa mapema ili watu wote watoke wakampokee mgeni. Na mjumbe wa chama wa avenue yetu alikuwa ameshafika na filimbi mdomoni: "Bote ku barabara! Bote! Citoyenne, acha sufuria! Sufuria itangojea, mugeni hatangojea!"

"Papa, tuko na mukate mu moto," nikasema.

"Na minye niko na liste ya majina mu mukono," akajibu.

Tukaenda. Nilifunika makala kwa majivu, nikafunika mkate kwa kitambaa, tukasimama kwenye jua pembeni mwa barabara, maelfu ya watu, na vibendera vya karatasi. Upande wa pili wa barabara alisimama kapita na beji yake kifuani. Mtu wetu alipunga kibendera kwa nguvu, unga ukimwagika kutoka mikononi mwake kama anapanda mbegu. Niliona kapita anatazama. Nikafikiri anatazama zile sandali, nikaona aibu kwa niaba yake. Wasichana wakaimba, magari yakapita kwa mbio na vioo vimefungwa, vumbi likatufunika, na mambo yakaisha. Tulingoja muda mrefu kuliko tulivyoimba.

Tuliporudi, binti alitufuata akikimbia, bado na nguo ya ngoma, jibini mkononi imefungwa kwa jani la mgomba. "Yaya, pardon, balitufungia!" Yaya ni kaka; ndivyo alivyomwita mchumba wake. Bwana harusi alikuwa ameinama juu ya ule mkate mgonjwa, anaugusa kwa kidole. Akaupaka siagi na kitunguu saumu, akaikata ile jibini nyembamba nyembamba, akaipanga juu, yote, hakubakiza. Tukafukua makala, nikapuliza, tukarudisha sufuria motoni. Ndipo nikamwuliza: "Na sasa tutatoa saa ngapi? Sirene ya tatu haiko."

Akapanga makala juu ya kifuniko. Alikaa kwenye kigoda karibu na sufuria, akafumba macho. Mimi nikahesabu kimoyomoyo, nikapotea, nikaanza tena. Niliogopa, wasomaji wangu, nikajikuta nimeshika mkono wa binti. Nikasema tutoe. "Bado," akasema. Nikasema sasa inaungua. "Bado." Kisha pua yake ikacheza kidogo, kama ya mbwa anayesikia bwana wake anarudi, akaruka. "Sasa! Toa! Hiyo ndiyo harufu ya mulango!"

Na hapo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa siku ile nimekaa juu ya gunia. Miaka kumi na moja mlango wa tanuru ulifunguliwa nyuma ya mgongo wake, mara nyingi kwa siku, na kila mara harufu ilimfikia kabla ya mkate. Kupika hakujua. Lakini hakuna mtu mwingine katika mji huu, labda katika nchi hii, aliyejua kama yeye harufu ya dakika ile moja ambayo mkate uko tayari. Tulifunua. Madoa ya kahawia, siagi inachemka pembeni, jibini imekaa juu mahali pake. Chini ya kisu ukalia kidogo. Yule mama mzee bila shaka aliupika mara mbili, kwanza mtupu, kisha na jibini, na sirene ya mgeni ndiyo iliyotufundisha.

Alikata mara tano bila kuhesabu. Akafunga kwa karatasi ya kaki aliyoitunza tangu siku za duka, na kamba. Kutoka kwangu hadi kwa kapita ni nyumba sita, lakini alikimbia, na alipofika hakuingia. Alisimama nje, akausukuma mkate kupitia dirisha lililo wazi, kama zamani. "Moto, papa. Moto." Mimi na binti tulifika nyuma yake.

Kapita alifungua karatasi polepole. Ndugu zake wawili walikuwa wamekaa. Alikula kipande cha kwanza, akala cha pili, akapangusa masharubu. Akasema: "Haiko kama ya kule."

Nilimwona yule mtu anaweka mkono ukutani.

"Ya kule ilikuwa na mafuta mingi," kapita akaendelea, akichukua cha tatu. "Weye, juu ya nini unasimama inje kama muntu wa kuuzisha? Ingia, mutoto. Ikala. Mumupatie kiti."

Binti alipiga vigelegele peke yake, kisha akajifunika mdomo, kisha avenue nzima ikamjibu.

Walioana, wakajenga Kikula. Wengi wenu mmefika pale. Alitoboa dirisha kwenye ukuta wa jiko lake, akajenga tanuru la udongo, na mipango ikageuka: yeye alikuwa ndani na unga mpaka kwenye viwiko, mke wake alisimama dirishani na kisu. Jibini ya Goma ilipopatikana, ilikuwa sikukuu. Isipopatikana, walitumia ya maziwa na ndimu, wakatuambia wazi, na foleni haikupungua. Kila nilipopita aliita kutoka ndani: "Profesa! Uko na sirene gani leo?" Nami nilirudi nyumbani na mkate tumboni, na siri kifuani.

Ijumaa tulimzika, kwenye udongo mwekundu uliolowa, watu wengi mno, na hata mwenye duka yule wa baadaye alikuja, akalia kweli. Ninaliandika hili ili iwe haki. Baada ya mazishi niliketi kwenye mkeka karibu na mjane. Nilimwomba ruhusa niandike maneno machache juu ya mume wake, mazuri tu. Akanitazama na macho mekundu.

"Andika yote, mama. Na ule mama muzee wa rideau, umuandike pia."

Nikamsogelea. "Ulijua?"

"Minye ndiye papa alikuwa ananituma kuchukua mikate kila siku ya mushahara. Mikono ya muntu wa four, wa tanuru, iko na alama ya moto. Ya kwake ilikuwa laini kama ya padri! Papa ndiye alinionyesha. Alisema: angalia ile mikono, haikamatake moto."

"Basi papa yako alimwuliza ya nini?"

"Kumuona. Alituambia: 'Akikimbia, tutamusahau. Akikuya kusema siyo minye, nitamupatia muke. Akijifunza, tutakula.'" Akaanza kucheka, machozi yakitiririka, wanawake wengine wakageuka. "Na mukate haukumuonyesha kitu, mama. Papa alikubali kule ku barabara, siku ya mugeni. Aliona ule unga mu mikono. Alirudia nyumba akamuambia mama: 'Mutoto amejifunza. Hata kama analeta jiwe, nitalikula.'"

"Na mume wako, alijua kama munajua?"

"Aliniambia yeye mwenyewe siku ya ndoa, analia kama mutoto. Nikamuambia: yaya, panguza macho, ukate keki."

Kwa hiyo miaka kumi mimi ndiye niliyebeba siri ambayo kila mwenye haki nayo alikuwa ameshaiweka chini. Nilicheka mpaka mkeka ukatikisika. Sijui kama inafaa kucheka hivyo kwenye kilio. Mjane ndiye aliyeanza.

Tangu Ijumaa ninalifikiria jambo hili, na nitasema ninavyoliona, anayejua zaidi anisahihishe. Mji wetu una watu wengi wanaosifiwa kwa kazi iliyofanywa nyuma ya pazia na mwingine. Wengine wamepewa funguo, wengine kiti, wengine kofia nyeupe tu. Simhukumu mtu, maana hata mimi mnaniita mwandishi. Lakini aliyesifiwa kwa kazi asiyoijua ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kukana. Ya pili ni kuikunjia mikono ya shati mpaka sifa ile iwe kweli. Marehemu aliikosa ya kwanza, akaishika ya pili kwa viatu vyake vya Jumapili. Na tusidharau kazi ya dirishani. Anayesimama mahali miaka kumi na moja hachukui mshahara peke yake, anachukua pia kitu ambacho hata yeye hajui anacho, mpaka siku sirene inapokosa kulia.

Leo jioni mvua imekatika. Nilikanda unga kwa munkoyo, nikachemsha maziwa na ndimu, nikaingiza mkate kwenye sufuria ya mchanga sirene ya kwanza ilipolia, nikautoa mapema, nikaupaka, nikaurudisha. Ya pili ilipolia sikuondoka kwenye kigoda. Nilingoja harufu. Tulikula bukari na samaki wadogo wa Mwadingusha na mboga ya lengalenga, kisha mkate wa jibini, vipande sita, chini umeungua kidogo. Mume wangu alikula cha kwanza, akala cha pili. "Haiko kama yake," akasema, na akanyoosha mkono tena.